Swali la mwanafunzi lililonishinda: filamu za kikoloni, intaneti na kipindi cha Historia cha dakika 40

Mwalimu wa Kutwa (mwuliza swali)

Hamjambo walimu wenzangu. Ninafundisha Historia na Serikali katika shule ya kutwa iliyoko Eastlands, hapa Nairobi, na kidato cha tatu ninachokifundisha kina wanafunzi 52. Muhula uliopita shule ilipata projekta moja na kipakatalishi kimoja, na kwa kuwa nilikuwa nimelalamika kwa miaka mingi kwamba vitabu havitoshi, niliona aibu kutovitumia. Nilianza kwa kuonyesha ukutani noti zangu zile zile nilizokuwa nikiziandika ubaoni, na kusema kweli faida pekee niliyoiona ni kwamba vumbi la chaki halikuniingia puani. Wanafunzi walinakili kama walivyozoea kunakili.

Tulipofika kwenye harakati za kupigania uhuru kati ya 1919 na 1963, nilipakua kutoka YouTube filamu fupi ya habari iliyotengenezwa na Waingereza wakati wa hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, ile iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Nilidhani picha zinazotembea zingewaamsha waliosinzia. Ziliwaamsha kweli, ila mimi ndiye niliyekuwa sijajiandaa. Filamu ilipokwisha, msichana mmoja wa dawati la mbele aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyu anayesimulia ni nani, na kwa nini anawaita magaidi watu ambao kitabu chetu kinawaita wapiganiaji uhuru?" Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara moja tu, usiku, nikiwa na usingizi. Sikujua aliyeitengeneza, sikujua ilionyeshwa wapi, na sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia kwamba tungeendelea kesho. Kesho yake nilirudi kwenye noti.

Pigo la pili lilikuja na insha za likizo. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, lakini nyumbani hutumia simu za wazazi au huenda saiba, yaani vibanda vya intaneti. Insha nyingi zilifanana hadi kwenye makosa ya tahajia. Kadhaa zilinukuu ule msemo maarufu kuhusu wamishonari waliokuja na Biblia wakati sisi tulikuwa na ardhi, zote zikidai kwamba ni maneno ya Mzee Jomo Kenyatta. Mwanafunzi mmoja alikuwa na nukuu ndefu na tamu ya hotuba ya Harry Thuku, mwanaharakati wa miaka ya 1920, iliyotungwa na akili unde, na nilipomuuliza hotuba hiyo ilitolewa wapi na lini, alinitazama tu.

Naomba ushauri wenu. Ninawezaje kutumia vitu vilivyomo mtandaoni ili wanafunzi wajifunze kuupima ushahidi, badala ya kuhamisha maneno kutoka skrini hadi daftarini? Ni tovuti zipi zisizotoza ada ambazo ninaweza kuziamini? Na haya yote yatawezekanaje kwa kipindi cha dakika 40, bando la kujinunulia mwenyewe, na silabasi ambayo haimngojei mtu?

Chaki na Ramani

Mwalimu, msichana huyo amekufanyia nusu ya kazi. Katika kidato cha kwanza tunawafundisha vyanzo vya historia, vikiwemo vya kielektroniki, kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunavisahau kwa miaka mitatu. Yeye amekumbuka.

Nilichojifunza mimi, baada ya kuaibika kama wewe, ni kuionyesha filamu ya kikoloni mara mbili. Mara ya kwanza ninazima sauti kabisa, na wanafunzi wanaandika wanachokiona tu: nani ameshika bunduki, nani ameketi chini na mikono kichwani, nani anaitazama kamera na nani anaikwepa, na kamera yenyewe imesimama nyuma ya nani. Swali hilo la mwisho huwachukua muda, lakini wakishagundua kwamba karibu kila mara mpiga picha yuko upande wa mwenye bunduki, sihitaji tena kuwaeleza maana ya upendeleo wa chanzo. Mara ya pili ninarudisha sauti, nao wanaorodhesha kila neno ambalo msimulizi anatumia kuwataja watu. Wanaweka orodha hizo mbili kando kwa kando, na hapo ndipo ninapowauliza filamu ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Filamu hizi za habari zilionyeshwa katika kumbi za sinema za Uingereza kabla ya filamu kuu, mbele ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga Nairobi na ambao serikali yao ilihitaji wakubali kwamba vita dhidi ya Mau Mau ni vya haki. Mwanafunzi akijua hadhira ni nani, neno "magaidi" halimbabaishi tena, kwa sababu anaona kazi lililopewa.

Usionyeshe filamu nzima. Sekunde 60 hadi 90 zinatosha. Kampuni ya British Pathé iliweka mtandaoni filamu zake zipatazo 85,000 mwaka 2014, na ukitafuta kwa majina ya mahali badala ya majina ya watu mashuhuri utapata vipande ambavyo havijachakazwa na kila mtu. Pakua nyumbani, kata kipande unachokitaka, kiweke kwenye flashi, na uandike mahali fulani kichwa chake cha asili na mwaka wake, kwa sababu video nyingi za historia zinazosambazwa na watu wengine zimeunganishwa kutoka filamu tatu au nne na kupakwa muziki wa huzuni. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi video moja nzuri sana ya aina hiyo, kisha nikagundua kwamba nusu ya picha zilikuwa za nchi nyingine kabisa.

Lakini ningependa kukusukuma kidogo zaidi ya filamu, kwa kuwa shule yako iko Eastlands. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Walipita mtaa kwa mtaa, wakawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawachuja Langata, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia vizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Mitaa ya Waafrika iliyofanyiwa msako huo ndiyo wanamoishi wanafunzi wako. Fungua ramani ya setilaiti kwenye Google Earth, ianzie kwenye lango la shule yenu, halafu isogeze polepole hadi Langata, kisha ufuate reli kuelekea Manyani. Umbali ambao kitabu kinautaja kwa mstari mmoja utauona ukiwaingia machoni.

Ramani hiyo hiyo ninaitumia kwa tukio la tarehe 16 Machi 1922. Harry Thuku alikamatwa tarehe 14, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawakebehi wanaume walioanza kurudi nyuma, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Wanafunzi wengi wanajua majina hayo mawili lakini hawajui kwamba mahali penyewe ni pale wanapopita wakielekea Chuo Kikuu cha Nairobi, karibu na hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina la Thuku mwenyewe. Ninawapa kila kundi maelezo tofauti ya idadi ya waliokufa. Idadi ya serikali ni ndogo kuliko ile iliyotolewa na watu wengine waliokuwepo, na kazi ya kundi ni kueleza kwa nini watu walioshuhudia mchana mmoja, mahali pamoja, wanahesabu maiti kwa namna mbili. Sitaki wanipe idadi sahihi. Ninataka waniambie kila mwenye kuhesabu alikuwa na sababu gani ya kupunguza au kuongeza, na alikuwa na nafasi gani ya kuona.

Kuhusu ule msemo wa Biblia na ardhi, usiwaadhibu. Warudishe saiba na swali moja: maneno haya yalisemwa wapi, tarehe gani, mbele ya nani? Watarudi na majina mawili, Kenyatta na Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, na hakuna atakayeleta tarehe wala mahali. Msemo usio na tarehe, mahali wala hadhira unaweza kuwa mzuri, na unaweza hata kueleza kweli fulani kuhusu ukoloni, lakini huwezi kuuweka katika insha kama ushahidi wa alichokisema mtu. Nukuu ya akili unde inaingia kwenye kapu hilo hilo. Siku hizi ninawaambia waandike pambizoni mwa kila nukuu: nimeiona wapi, na huko ilitoka wapi. Wakishindwa mstari wa pili, nukuu inakatwa.

Mtahini Mstaafu

Nimesoma maelezo haya kwa furaha, lakini ningependa kuwarudisha wenzangu kwenye saa ya ukutani. Karatasi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inamtaka mtoto ajibu kwa saa mbili na nusu, Sehemu A ikiwa na maksi 25, Sehemu B maksi 45 na Sehemu C maksi 30, na maswali mengi yanamtaka ataje na aeleze hoja. Nilisahihisha karatasi hizo kwa miaka mingi. Sikuwahi kumpa mtoto maksi kwa sababu alijua kamera ilisimama wapi.

Projekta yenyewe nayo ina mambo yake. Dakika 40 zikitolewa tano za kuingia darasani, tano za kutafuta waya wa kuunganisha, tano za kuziba madirisha kwa magazeti kwa sababu hakuna mapazia, na stima ikipotea mara moja, umebakiwa na kipindi cha dakika 20 na watoto 52 wenye msisimko. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mwalimu atumie mtandao yeye mwenyewe, nyumbani, kisha aje darasani na karatasi. Picha moja, barua moja au jedwali moja lililochapishwa, nakala moja kwa watoto wanne, haihitaji stima na haimalizi bando. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha biashara ya utumwa ya Atlantiki kwa kidato cha pili, nilichapisha ukurasa mmoja kutoka tovuti ya SlaveVoyages, ambayo ina kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa, ukionyesha meli moja tu: jina lake, bandari ilikotoka, idadi ya watu waliopakiwa na idadi ya walioshushwa wakiwa hai. Niliwaambia watoto watoe hesabu ya tofauti. Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kulinyamazisha kwa ukali. Karatasi moja, dakika kumi, na baadaye waliandika athari za biashara hiyo bila kuhitaji kukaririshwa.

Sipingi zana hizi, kwa hiyo. Ninapinga kuzigeuza kuwa maonyesho.

Mwalimu wa Kutwa (mwuliza swali)

Mzee wangu, nakushukuru, na hayo ya madirisha na magazeti umeyasema kana kwamba ulikuwa darasani kwangu. Hata hivyo, ninaomba kutofautiana nawe kidogo kuhusu maksi. Hoja tano za sababu za kuundwa kwa vyama vya kisiasa mtoto anaweza kuzikariri siku moja kabla ya mtihani na kuzisahau siku inayofuata. Yule aliyebishana na wenzake kuhusu Machi 1922 hahitaji kukariri kwa nini Waafrika waliuchukia mfumo wa kipande, kile kitambulisho cha lazima cha kikoloni, kwa sababu alishalitumia jambo hilo kujenga hoja. Nadhani muda ninaoupoteza kwenye kipande kimoja ninaweza kuurudisha kwa kuacha kuimla noti ambazo zimo kitabuni.

Ningependa kusikia kutoka kwa mtu anayezijua nyaraka zenyewe. Mimi sijawahi kuingia katika jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue tangu nilipopelekwa nikiwa mwanafunzi.

Msomaji wa Majalada

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikisoma majalada ya zamani, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

Anza na historia ya majalada yenyewe, kwa kuwa inawavutia vijana kuliko maudhui yaliyomo. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba hati ambazo zingeweza kuiaibisha serikali yake zisikabidhiwe kwa serikali mpya za nchi zinazopata uhuru. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza na kufichwa, hatimaye katika jengo la serikali liitwalo Hanslope Park. Kwa nusu karne hazikuonekana katika orodha yoyote ya umma. Kisha wazee wa Kenya waliokuwa vizuizini wakaishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, na mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali hiyo ikakiri kwamba majalada hayo yapo. Kwa jumla yalikuwa takribani 8,800, kutoka makoloni 37, nayo yakaanza kufunguliwa kwa wasomaji mwaka 2012 katika hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, chini ya alama FCO 141. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni kwamba ingelipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228, na mnara wa kumbukumbu uliotokana na makubaliano hayo ulizinduliwa Septemba 2015 katika kona ya Freedom Corner, Uhuru Park, ambako darasa lako linaweza kufika kwa matatu moja.

Orodha ya majalada hayo inasomeka bure mtandaoni hata kama majalada mengi hayajapigwa picha, na mimi ninaona orodha pekee inatosha kwa kipindi kizima. Tafuta FCO 141 pamoja na neno Kenya, chapisha vichwa 15 vya majalada, na uwaulize wanafunzi: ni vipi kati ya hivi ambavyo afisa angetaka kuvificha, na kwa nini? Halafu waulize ni vitu gani walivyotarajia kuviona ambavyo havimo. Kilichochomwa hakina kichwa cha jalada, na hilo ni jambo zito ambalo mtoto wa miaka 17 anaweza kulielewa bila msaada wangu wala wako.

Chanzo kingine ambacho walimu hawakitumii vya kutosha ni Gazeti Rasmi la Serikali. Limechapishwa tangu 1899, wakati reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi na mji huu ukaanza kuwa mji, na matoleo yake mengi ya zamani yamepigwa picha na kuwekwa kwenye Google Books, ambako unaweza kutafuta kwa neno. Matangazo ya ardhi, kanuni za hali ya hatari, leseni za biashara, vyeo vya maafisa, vyote vimo kwa lugha kavu ya serikali. Ukavu huo ndio ninaoupenda. Mwanafunzi aliyezoea kuusoma ukoloni kama hadithi ya watu wabaya wanaopiga kelele atashangaa kuona jinsi ulivyoendeshwa kwa matangazo ya aya mbili yaliyotiwa sahihi na karani. Kwa upande wa serikali huru, kumbukumbu za mijadala ya bunge na sheria zetu zinapatikana mtandaoni, zikiwemo Katiba ya 2010 na sheria zilizotangulia, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais mwezi Mei 2013, nayo inapakuliwa bila malipo. Ripoti hiyo uisome wewe kwanza, peke yako, na uchague kurasa kwa uangalifu, kwa kuwa kuna ushuhuda humo usiofaa kuanikwa mbele ya darasa.

Kuna pia kazi za kidijitali zilizofanywa hapa kwetu. Shirika la African Digital Heritage la Nairobi, lililoanzishwa na Chao Tayiana Maina, likishirikiana na kundi la Museum of British Colonialism, liliunda upya kwa picha za pande tatu kambi za vizuizi za Mweru na Aguthi katika kaunti ya Nyeri. Majengo yaliyobaki ya kambi hizo sasa yako ndani ya shule za upili, na ukiwaambia wanafunzi kwamba wenzao wanalala na kusoma palipokuwa kizuizini, hutahitaji utangulizi mwingine. Tahadhari yangu ni moja: picha ya namna hiyo inaonekana kamili kuliko ushahidi uliopo. Waulize wanafunzi ni ukuta upi uliotokana na jengo lililobaki, upi uliotokana na kumbukumbu za wazee, na upi uliojazwa na fundi wa kompyuta ili picha isiwe na tundu. Vivyo hivyo kwa kidato cha kwanza, tovuti ya African Fossils inakuruhusu kuzungusha kwa kidole mafuvu yaliyopatikana Turkana. Huko huko ndiko Kamoya Kimeu alikogundua mwaka 1984 masalia ya yule tunayemwita Mvulana wa Turkana, aliyeishi takribani miaka milioni moja na nusu iliyopita. Fuvu linalozunguka linafundisha zaidi ya mchoro, lakini halina uzito wala ukubwa, kwa hiyo shika rula mkononi.

Na ukipata nafasi, wapeleke Moi Avenue. Jengo hilo lilikuwa Benki ya India zamani, taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1965, na ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Wanafunzi wanaopita nje yake kila siku wakikimbilia matatu hushangaa kuambiwa kwamba mlango ule uko wazi kwao.

Mama wa Kidato cha Pili

Mimi si mwalimu wa historia. Ninafanya kazi ya kutengeneza kompyuta katikati ya jiji na nina binti shuleni, na ninaomba kuchangia mambo mawili.

La bando ni rahisi. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix inayokuwezesha kupakua Wikipedia nzima, ya Kiswahili au ya Kiingereza, na kuisoma bila intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo na inaenea kwenye flashi ya kawaida. Pakua mara moja mahali penye Wi-Fi, kisha weka kwenye kila kompyuta ya shule.

La pili limeniuma, kwa hiyo nitalieleza polepole. Mwaka jana mwalimu wa binti yangu aliwaagiza wanafunzi wamrekodi kwa simu mzee mmoja wa ukoo akisimulia maisha ya enzi za ukoloni. Wazo zuri kabisa. Binti yangu alimrekodi mama mkwe wangu, aliyekuwa msichana mdogo huko Kiambu wakati wa hali ya hatari. Bibi alisimulia kwa saa nzima mambo ambayo hata mume wangu hakuwahi kuyasikia, na ndani ya masimulizi hayo akawataja kwa majina majirani waliokuwa ngati (walinzi wa kijiji walioisaidia serikali ya kikoloni), akaeleza nani alimchongea nani, na nyumba ya nani iliteketezwa na nani. Rekodi ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa kama kazi ya ziada. Kutoka hapo ilifika kwenye kundi la kijiji kabla ya wiki kwisha, na wajukuu wa waliotajwa wakampigia bibi simu. Amekataa kuzungumzia mambo hayo tena, na sasa hivi hata jina la shule hataki kulisikia.

Shule haikuwa na nia mbaya. Hakuna aliyefikiria tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijakusanywa na kusambazwa, na kwa mtoto mzazi ndiye anayekubali, lakini hata bila sheria kuna mambo ambayo mtoto angefundishwa kuyauliza kabla hajabonyeza kitufe: bibi, nikurekodi? Nani aruhusiwe kusikia? Nikikutana na jina la jirani, nilifute? Na rekodi ibaki kwenye flashi ya mwalimu, isipitie kwenye simu ya mtu yeyote. Ninasema hivi kwa sababu bado ninaamini kwamba saa ile moja ya bibi ilikuwa na historia kuliko chochote ambacho binti yangu angekipata mtandaoni.

Chaki na Ramani

Pole sana, mama. Ningeongeza tu kwamba wanafunzi wangu huenda kwanza bila simu, wanakaa na mzee, wanasikiliza. Kurekodi ni ziara ya pili, iwapo mzee mwenyewe atapenda.

Mwalimu wa Kutwa (mwuliza swali)

Nimerudi baada ya wiki mbili, kama nilivyowaahidi baadhi yenu kwa ujumbe wa faragha.

Nilitumia kipande cha sekunde 70, bila sauti, kilichokwisha kuwekwa kwenye flashi, na nilifika darasani wakati wa mapumziko ili waya na madirisha visinile muda. Makundi yalikuwa 13, ya wanafunzi wanne wanne, kila kundi likiwa na karatasi moja yenye vichwa vya majalada ya FCO 141 upande mmoja na tangazo moja la Gazeti Rasmi upande wa pili. Msichana wa dawati la mbele ndiye aliyeona kwanza kamera iko nyuma ya nani. Jambo ambalo sikulitarajia lilitoka nyuma kabisa, kwa kijana ambaye kwa kawaida hulala: alisema kwamba katika filamu nzima, baada ya sauti kurudishwa, hakuna Mwafrika hata mmoja anayezungumza, hata yule anayeonyeshwa akiulizwa maswali. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo zaidi ya mara kumi kufikia siku hiyo, na sikuwa nimeliona hilo.

Tulizidisha muda. Mwalimu wa Hisabati alisimama mlangoni dakika saba, nami nimemwomba radhi kwa chai. Orodha ya vichwa vya majalada haikufanya kazi vizuri. Kiingereza chake cha kiserikali kiliwatatiza, na nusu ya makundi yalibaki yakiuliza maana ya maneno. Wakati mwingine nitachagua vichwa vitano tu na kuvifafanua mapema. Mahojiano na wazee nimeyaahirisha hadi muhula ujao, mpaka nitakapoandika fomu ya ridhaa ambayo mzee asiyejua kusoma anaweza kusomewa na kuielewa.

Sasa nina ombi dogo. Ninataka kuwapa wanafunzi ramani ya katikati ya Nairobi ya kabla ya 1963, iliyo na majina ya zamani, ili waweke majina ya leo juu yake: Delamere Avenue ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, Government Road ambayo ni Moi Avenue, Hardinge Street ambayo ni Kimathi, Victoria Street ambayo ni Tom Mboya. Nilizozipata mtandaoni zinafifia zikikuzwa. Je, kuna mwenye nakala inayosomeka, ambayo inaweza kuchapishwa kwenye karatasi kubwa ya ukutani?